Usimwambie Mtoto Haiumi

"Haiumi," nilimwambia. "Ni kama sisimizi tu."

Alikuwa wa miaka sita, buti za theluji zimemzidi mguu, na aliniamini. Mkono aliunyoosha mwenyewe. Nilipomdunga hakulia papo hapo. Kwanza aliniangalia, macho ya mtu aliyelipia ng'ombe akaletewa mbuzi. Ndipo akaachia kilio, na kilio chake kikaamsha vingine kwenye foleni. Msichana mmoja aliingia uvunguni mwa kiti akakataa kutoka. Baba yake alipiga magoti akambembeleza kama dakika ishirini, mwishowe akambeba wakaenda zao bila chanjo. Uongo wangu mmoja uliharibu asubuhi ya watoto wanne.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba 2021, katika famasi moja ya Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Siku nne kabla, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilikuwa imepitisha chanjo ya Korona kwa watoto wa miaka 5 hadi 11, na wazazi walikuwa wamejaa mpaka kwenye rafu za kadi za Krismasi. Mimi nilikuwa na leseni, nina cheti cha kuchanja, nina cheti cha huduma ya kwanza, na nilikuwa mfamasia kwa miaka kumi na saba. Mtoto nilikuwa sijui kumchanja.

Naandika haya kwa wafamasia wenzangu, wa huku ughaibuni na wa nyumbani, ambao huniuliza kwenye simu: "Hiyo kozi yenu ya kuchanja watoto ni ngumu?" Kozi si ngumu. Ugumu uko mahali ambapo kozi haifiki.

Nilihitimu Nairobi mwaka 2004. Shahada yetu ya miaka mitano ndiyo iliyonipa njia ya kuja huku, kwa sababu Marekani inamdai mfamasia wa nje aliyehitimu kuanzia 2003 awe amesoma mtaala wa miaka mitano. Wenzetu wenye shahada ya miaka minne hukwama hapo hapo, na ni vyema mtu ajue kabla hajauza shamba. Halafu ikafuata mitihani: FPGEE, ule wa wafamasia waliosomea nje, Kiingereza cha TOEFL, mamia kwa mamia ya saa za mafunzo kazini chini ya mfamasia mwenye leseni, NAPLEX, ule wa leseni, na mtihani wa sheria. Leseni niliishika 2017. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, nimekaa na wanafunzi walioweza kuwa wapwa zangu. Hayo ni masimulizi ya siku nyingine.

Mwaka huo huo nikafanya kozi ya chanjo. Ni saa 20, na lazima iwe imepitishwa na ACPE, baraza linalosimamia masomo ya ufamasia. Nyingi kati ya saa hizo unasoma nyumbani: kinga ya mwili, ratiba za chanjo, nani asipewe nini. Kisha siku moja mnakutana ana kwa ana. Mimi nililipa dola mia tatu na ushei kutoka mfukoni mwangu, mbali na ada ya huduma ya kwanza. Tulikutana kwenye ukumbi wa hoteli, tukadungana sisi kwa sisi maji ya chumvi, mbili ndani ya msuli na moja chini ya ngozi. Mwenzangu alikuwa jamaa wa kutoka Wisconsin, mpana wa bega kiasi cha kuegesha baiskeli. Ukikosea pale ni makusudi.

Hakukuwa na mtoto hata mmoja chumbani. Wala isingewezekana, huwezi kuazima mtoto wa mtu ukamfanyie mazoezi. Lakini hakuna aliyesimama kutuambia kwamba hilo ni pengo. Tulipewa vyeti, tukapiga picha, tukaenda nyumbani.

Kwa miaka mitatu nikachanja watu wazima: mafua ya msimu, mkanda wa jeshi, pepopunda. Sheria ya Minnesota wakati ule ilituruhusu chanjo ya mafua kuanzia miaka sita na nyingine kuanzia kumi na tatu, ila watoto nilikuwa nikiwakwepa. Mzazi akija na mtoto wa miaka saba nilimwambia kwa sauti tamu kwamba kliniki ya watoto ingemfaa zaidi. Si kwamba nilidanganya, ila sababu yenyewe ilikuwa woga.

Tarehe 19 Agosti 2020 serikali kuu ikatangaza, chini ya sheria ya dharura, kwamba mfamasia yeyote mwenye leseni na mafunzo hayo ya saa 20 anaweza kuagiza na kutoa chanjo za ratiba kwa watoto wa miaka 3 hadi 18, hata kama sheria ya jimbo lake haikumruhusu. Watoto walikuwa wameacha kupelekwa kliniki kwa hofu ya Korona, na viwango vya chanjo vilikuwa vimeporomoka. Chama cha madaktari wa watoto kilipinga hadharani. Wakati ule nilidhani wanalinda riziki yao. Siku hizi nadhani walikuwa na haki nusu: mtoto akienda kwa daktari anapimwa uzito, anasikilizwa moyo, anaangaliwa kama anakua. Kwangu anapata sindano na stika. Ndiyo maana tangazo lile lilitulazimisha kumkumbusha mzazi kila mara ampeleke mtoto kwa daktari wake kwa uchunguzi wa kawaida. Mwezi wangu wa kwanza nilisahau karibu kila mara. Sasa nimeyaandika maneno hayo kwa kalamu nene kwenye kabati, mbele ya macho yangu.

Turudi Jumamosi ile. Usiku nilimpigia dada yangu simu. Yeye ni muuguzi Kilifi, na kwa zaidi ya miaka ishirini ndiye anayekaa kwenye chumba cha chanjo cha zahanati. Kwangu ilikuwa saa tatu usiku, kwake saa kumi na moja alfajiri, anapuliza moto wa chai. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

"Yaani mtoto alikuwa amekaa kitini peke yake? Kama mtu mzima aliyeenda kunyolewa?"

Ndiyo, alikuwa kitini peke yake. Mama alikuwa amesimama pembeni ameshika koti.

"Mdogo wangu, mtoto hupakatwa."

Akaweka simu juu ya meza, akamwita mwanawe wa mwisho, akachukua kijiko badala ya bomba la sindano, akanionyesha. Mama anakaa. Mtoto anapakatwa, kifua kwa kifua au ubavu kwa kifua. Miguu ya mtoto inaingia katikati ya mapaja ya mama, inabanwa. Mkono mmoja unapita chini ya kwapa la mama kana kwamba mtoto anamkumbatia, na mkono wa kudungwa mama anaushika juu kidogo ya kiwiko. "Hapo umepata mkono uliotulia, na mtoto haoni kama amekamatwa, anaona kama amekumbatiwa." Baadaye niliikuta picha ya mkao ule ule kwenye miongozo ya CDC, imepewa jina la kupendeza. Mama zetu hawakuhitaji jina.

Kisha akaniuliza ninamwambia nini mtoto. Nikamwambia: kwamba haiumi.

"Na inauma?"

"Inauma kidogo."

"Basi mwambie inauma kidogo."

Hapa lazima niseme jambo linalotuhusu sisi wa nyumbani. Wengi tumelelewa na kitisho cha "ukikosa adabu utapelekwa ukadungwe sindano." Nimewasikia Wakenya wenzangu, watu wa shahada mbili, wakilisema neno hilo hilo ndani ya foleni yangu, mtoto akichezea rafu ya chokoleti. Mtoto aliyelelewa hivyo akifika mbele yangu anajua kwamba mimi ndimi adhabu yenyewe. Siku hizi nikimsikia mzazi anatishia humwomba kwa adabu, "Mama, usinigeuze askari, tafadhali," na wengi hucheka wakaacha.

Wiki tatu baadaye yule mvulana wa buti alirudi kwa dozi ya pili. Zile siku 21 nilizihesabu kama deni. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Ulisema sisimizi," akaniambia.

"Nilikosea. Inauma. Nitahesabu moja, mbili, tatu, na nikifika tatu imekwisha. Mkono gani?"

Akafikiri sana, akachagua wa kushoto, akampanda mamaake mapajani. Alilia, lakini kidogo, na alipomaliza akaniuliza kwa nini nina alama mkononi. Nilikuwa nimekunja mikono ya koti. Ni kovu langu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, hapa kwenye mkono wa kushoto chini ya kiwiko, kama lilivyo kwa Wakenya wengi. Watoto wa Marekani hawalijui, kwa kuwa chanjo hiyo huku si ya kawaida. Nikamwambia nilidungwa nikiwa mchanga, nikalia kumshinda yeye. Tangu siku hiyo kovu hilo ni chombo changu cha kazi. Huwa nawaruhusu waliguse.

Makosa mengine yalikuwa ya kutisha zaidi kuliko kilio.

Chupa ya chanjo ya Korona ya Pfizer ya watu wazima na vijana ilikuwa na kifuniko cha zambarau. Unaongeza mililita 1.8 za maji ya chumvi, na kila dozi ni mililita 0.3, yaani maikrogramu 30. Ya watoto ilikuwa na kifuniko cha rangi ya chungwa. Unaongeza mililita 1.3, unaigeuza chupa polepole mara kumi bila kuitikisa, kila dozi 0.2, maikrogramu 10. Kwa karatasi ni rahisi. Lakini kwa karibu mwaka mzima mkono wangu ulikuwa umevuta 0.3, mara mamia, na mkono una kumbukumbu yake. Katikati ya Novemba, saa ya alasiri, simu zinalia, gari limesimama kwenye dirisha la nje na dereva anapiga honi, nikavuta dawa kutoka chupa ya chungwa. Msaidizi wetu, binti wa Kihmong, jamii yenye asili ya Asia, asiyependa maneno mengi, akaangalia bomba juu ya trei na kusema, "Hiyo ni tatu."

Ilikuwa 0.3. Maikrogramu 15 kwa mtoto aliyestahili 10. Mtoto mwenyewe alikuwa tayari amepakatwa, amefumba macho, anasubiri nihesabu.

Nililitupa lile bomba, nikavuta jingine, nikamchanja, nikaenda nyuma nikakaa juu ya boksi la chupa tupu. Dozi ile pengine isingemdhuru. Lakini nilijua ningekuwa sina la kumwambia mamaake. Kuanzia kesho yake: trei mbili, moja imefungwa utepe wa rangi ya chungwa, bomba halitoki mezani bila kuandikwa jina la chanjo na kiasi, na mtu wa pili lazima asome kwa sauti kabla halijaenda kwa mtoto. Niliomba pia watoto watengewe saa zao, wasichanganywe na watu wazima. Wakubwa wa kampuni walikataa kwa barua pepe yenye sentensi moja, kwamba nafasi za miadi zipangwe "kwa ufanisi". Tuliomba tena mara mbili. Mara ya tatu hatukuomba. Tulianza tu kuwaandika watoto Jumamosi asubuhi na Jumatano jioni, na hakuna aliyeuliza.

Jambo la nguo huenda likaonekana dogo. Minnesota wakati wa baridi mtoto huja amevaa koti, sweta, fulana ya mikono mirefu, na fulana nyingine ndani. Mzazi ana haraka, kwa hiyo anaivuta shingo ya fulana kuelekea chini ili bega lionekane. Nawe pia una haraka, unadunga palipoonekana. Palipoonekana ni juu mno. Kozi inafundisha vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega, na juu ya usawa wa kwapa. Ukipanda juu unaweza kuingiza dawa kwenye kiungo chenyewe, na mtu akaugulia bega kwa miezi. Na vidole hivyo viwili au vitatu vilipimwa kwa mtu mzima. Mkono wa mtoto wa miaka mitatu unaweza kuwa mwembamba kama mwiko, na vidole vyangu ni vinene. Kwa hiyo: mkono unatoka wote nje ya nguo, hata kama ni dakika tatu za kupambana na zipu. Msuli ukiwa haba, paja linakubalika, upande wa nje, ila utahitaji chumba chenye mlango. Sisi tulikuwa na pazia. Nimemchanja mtoto pajani huku wateja wa shampuu wakipita nusu mita kutoka hapo, na mamaake aliona haya kumvua suruali. Kama unaanzisha huduma hii, pigania mlango kabla ya kupigania friji.

Kuhusu friji sina mengi. Nyuzi 2 hadi 8, kipimajoto kinachoandika chenyewe, usiweke chanjo kwenye mlango. Mfamasia yeyote anajua kutunza dawa, huko ndiko tunakowapita wauguzi, na dada yangu akisoma hapa atanipigia simu.

Vijana ni habari nyingine. Unafikiri umepumzika, mtu ana miaka kumi na tatu, ni mrefu kukuzidi, hahitaji kupakatwa. Mmoja alikuja na babake majira ya kiangazi ya 2022 kwa chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, na ile ya homa ya uti wa mgongo. Alijifanya shujaa, alitania nilipokuwa nikimdunga. Dakika ya tatu akainuka kwenda kumwonyesha babake kitu kwenye simu. Nikamwona anageuka rangi, halafu magoti yakakatika. Kidevu kiligonga ukingo wa rafu. Aliamka baada ya sekunde chache, mdomo umepasuka, anaona aibu. Babake hakunifokea, aliniuliza tu, "Hukusema akae?" Nilikuwa nimesema. Nilikuwa nimesema huku nimempa mgongo, nikiandika kwenye kompyuta.

Dakika 15 za kukaa si adabu ya mapokezi. Vijana ndio wanaozimia zaidi baada ya sindano, na kinachowaumiza ni sakafu. Sasa kijana akae kwenye kiti chenye mikono, mgongo ukutani, mbali na rafu, na kama ameonekana kuwa na wasiwasi hulala kabisa. Tukio lile nililiripoti VAERS, daftari la taifa la yanayotokea baada ya chanjo. Fomu ilinichukua nusu saa nikiwa nimeshatoka zamu. Hakuna aliyenilipa nusu saa hiyo, nasema ukweli.

Na siku hiyo, kwa kuwa nilikuwa na hofu, nilifungua kisanduku cha dharura nikakikagua kama mtu anayekiona mara ya kwanza. Epinefrini iliyokuwamo ilikuwa ya miligramu 0.3 tupu, ya mtu mzima. Mtoto wa kilo 15 hadi 30 hupewa ile ya 0.15. Kwa miezi minane tulikuwa tumechanja watoto wa shule ya chekechea bila kuwa nayo ndani ya kisanduku. Zilikuwepo kwenye rafu ya mauzo, hatua kumi kutoka pale, zimefungiwa kwenye kabati. Mtoto akivimba koo, hatua kumi na ufunguo ni mbali. Fungua kisanduku chako leo. Weka mizani karibu, na jedwali la kugeuza pauni kuwa kilo, kwa maana huku mzazi atakutajia pauni na akili yako ikiwa imeruka hutagawanya kwa 2.2.

Sasa nieleze habari za mama mmoja.

Alinisikia nikiongea na dada yangu kwenye simu kwa Kiswahili karibu na kaunta akaniuliza, "We ni wa Mombasa?" Yeye alikuwa Msomali, amekulia Dadaab, Kiswahili chake cha shule ya kambini. Alikuwa amekuja kuchukua dawa ya kikohozi na mtoto wa kiume wa miaka minne. Katika kumbukumbu za chanjo za jimbo nikaona mtoto hana hata dozi moja ya surua.

Historia ya jambo hili Minneapolis inajulikana. Watoto wa Kisomali waliozaliwa huku walikuwa wakichanjwa surua kwa asilimia 92. Katika miaka kumi hivi kiwango kikashuka hadi asilimia 42, kwa uvumi kwamba chanjo ile huleta usonji. Mwaka 2017 surua ikazuka jimboni, watu 75, wengi wao watoto wa jamii hiyo wasiochanjwa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepata leseni. Kwa hiyo nikampa yule mama somo lote. Nikamweleza kwamba utafiti uliozua jambo ulitoka Uingereza mwaka 1998, ulihusu watoto 12 tu, kwamba jarida lililouchapisha liliufuta 2010, kwamba mwandishi wake Andrew Wakefield alifutwa kwenye orodha ya madaktari. Nilihubiri kama khatibu wa Ijumaa.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya, ahsante."

Mswahili anaijua hiyo "haya". Nilijua nimemkosa.

Alirudi baada ya mwezi. Safari hii sikuwa na hotuba, nilikuwa nimechoka. Nikamuuliza tu jamaa zake wanasemaje kuhusu ile chanjo. Akaniambia kuna mtoto wa kaka yake ambaye hadi leo hasemi, na kwamba yeye hakatai kuchanja, anasubiri huyu wake aongee vizuri kwanza. Mtoto alikuwa anazunguka kibanda cha miwani. Nikamuuliza jina lake. Akanijibu kwa Kiingereza, akaeleza na jina la paka wa jirani, kisha akamgeukia mamaake akalalamika jambo refu kwa Kisomali.

"Huyu ndiye tunayesubiri aongee?" nikauliza.

Mama akacheka akafunika uso na mtandio. Halafu, bila kuulizwa, akaniambia surua anaijua, aliiona kambini mwaka 2011, mtoto wa hema la jirani. Hakuendelea, nami sikumuuliza. Akasema, "Mdunge leo, kabla babake hajatoka kazini."

Nami sikuweza. Mtoto ana bima ya serikali, na watoto wa bima hiyo chanjo zao hutoka katika mpango wa taifa uitwao Vaccines for Children. Famasi yetu haikuwa imejiunga. Famasi nyingi hazijajiunga, kwa sababu ya makaratasi na malipo madogo. Dozi za surua zilikuwa kwenye friji hatua nne kutoka kwangu, na kompyuta ikakataa. Kulipia taslimu ilikuwa zaidi ya dola mia moja. Nilifikiria kulipa mimi. Kanuni za kampuni hazikuniruhusu. Nikampigia simu kliniki, nikamtafutia nafasi ya siku sita mbele, nikamwandikia namba ya basi.

Miezi ikapita. Akaja kuchukua amoksisilini ya sikio la mtoto, na kabla hajataja dawa akatoa karatasi mkobani akaitandaza juu ya kaunta: tarehe, jina la chanjo, muhuri. Hakuwa ananiuliza kitu. Nikaisoma, nikamrudishia.

Kama kuna jambo moja ningewaambia wanaotunga kozi, ni hili: kabla ya kumfundisha mfamasia kuingiza sindano kwa pembe ya nyuzi 90 na ya nyuzi 45, mfundisheni kuuliza mtoto anatumia bima gani na famasi yake inaweza kumhudumia nani. Nimemfanya mama avuke mto kisha nikamwambia mtumbwi si wetu.

Tangu 2022 nami nasimamia wanafunzi wa ufamasia. Kozi yao ya saa 20 ni ile ile, maji ya chumvi ni yale yale. Ninachoongeza ni kidogo. Siku ya kwanza hawashiki sindano. Wanakaa kwenye viti vya kusubiri pamoja na watoto, kwa saa mbili, wanaangalia uso wa mtoto mlango wa pazia unapofunguliwa na trei ikaonekana. Baada ya hapo hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba dawa huvutwa mahali mtoto haoni. Siku ya pili mmoja anakuwa mtoto, mwingine mama, wanapakatana. Kuna kijana mkubwa mcheza futboli alimpakata mwenzake wakacheka mpaka wateja wakaja kuchungulia, na ndiye sasa aliye bora kuliko wote kwa watoto wadogo. Sindano zenye kuwasha, kama ya surua, ziwe za mwisho. Usivute nyuma kuangalia damu, hilo lilikwisha zamani na linaongeza maumivu. Usiombe radhi mara kumi. Hesabu hadi tatu na udunge kwenye tatu. Wajanja wa kudunga kwenye mbili watajikuta wanaitwa waongo, na mimi nimeshaitwa.

Mkono wa mwanafunzi utatetemeka. Wangu ulitetemeka hadi Januari. Sheria nazo hubadilika, ile ruhusa ya dharura imeongezwa muda na kupunguzwa mambo, na majimbo yametunga zao, kwa hiyo soma ya jimbo lako kila msimu, usitegemee ya mwaka jana wala ya rafiki yako wa Texas.

Juzi dada yangu aliniuliza nimechanja wangapi Jumamosi. Nikamwambia thelathini na mmoja, kwa fahari kidogo. Yeye Alhamisi alikuwa amechanja zaidi ya hao kabla ya chai ya saa nne, wengi wao wachanga, akiwa na daftari la kuandika kwa mkono na msaidizi mmoja.

"Na huko wakikuongezea kazi hii, mshahara waliongeza?"

"Hata senti."

Akacheka tena kama ile siku ya kijiko. "Basi karibu kazini, mdogo wangu."